Namna ya Kusoma Historia ya Kidato cha Tano na Sita: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mwaka wanafunzi wapya wa tahasusi za HGL, HKL, HGK na HGE, yaani michanganyiko ya masomo matatu ambayo Historia ni mojawapo, wanapoanza Kidato cha Tano nchini Tanzania, maswali yao huwa yale yale: nisome kitabu gani, hoja ngapi zinatosha katika insha moja, tarehe zote hizi nitazishikaje, na imekuwaje nikapata A Kidato cha Nne halafu jaribio la kwanza hapa likanirudia na S, alama iliyo juu ya F tu? Swali la mwisho ndilo lenye jibu la mengine yote. Kidato cha Nne humruhusu mwanafunzi kupata alama nyingi kwa kukumbuka. Kidato cha Sita humtaka atoe jibu na kulitetea kwa ushahidi, na mwanafunzi asiyeliona badiliko hilo hukesha akikariri bila kupanda daraja.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa shule na kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhani, kwa maana tangu kuingia Kidato cha Tano mwezi Julai mpaka mtihani wa Mei haitimii miaka miwili, na ndani yake zimo likizo, mitihani ya muhula na mitihani ya majaribio.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ule unaohusu mkupuo wako. Mitaala mipya ilianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, kwa hiyo usichukue muhtasari wa kaka au dada aliyemaliza zamani bila kuulinganisha na ule unaotumika shuleni kwako.
- Fomati ya mtihani kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Hati hii hueleza sehemu za mtihani, maswali ya lazima na mgawanyo wa alama.
- Mitihani iliyopita ya miaka isiyopungua mitano, karatasi zote mbili, yaani ile ya historia ya Afrika na ile ya historia ya dunia.
- Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza huzitoa kwa kila somo na kuziweka kwenye tovuti yake bila malipo. Ndani yake kuna vielelezo vya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Nashangaa kila mara nikiona mwanafunzi anayenunua notsi za kurudufu kwa fedha nyingi akiwa hajawahi kuifungua hata moja.
- Vitabu viwili vya rejea, si kimoja, kwa kila mada kubwa, pamoja na atlasi.
- Madaftari mawili mapya: moja la maswali na moja la ushahidi. Matumizi yake yanaelezwa hapa chini.
- Saa ya mkononi au ya ukutani.

Hatua ya 1: Pima ukubwa wa kazi

Soma muhtasari wote kwa siku moja, kisha orodhesha mada zote kwenye karatasi moja. Mbele ya kila mada andika miaka ambayo swali lake lilitokea katika mitihani uliyokusanya. Utaona kwamba baadhi ya mada hurudi mara kwa mara kwa sura tofauti. Karatasi hiyo ibandike ndani ya jalada la daftari la maswali.

Tahadhari: orodha hii ni ya kukuonyesha uzito wa mada, si ya kutabiri mtihani. Mwanafunzi anayesoma mada nne tu kwa sababu "mwaka huu lazima zitoke" huingia mtihanini akiwa amemkabidhi mtu mwingine matokeo yake.

Hatua ya 2: Chora mstari wa wakati wenye safu mbili

Shule nyingi hufundisha karatasi hizi mbili kwa vipindi tofauti na walimu tofauti, mwanafunzi akaamini kwamba ni masomo mawili. Chukua karatasi kubwa ya manila, weka miaka katikati, upande mmoja uandike Ulaya, Marekani na Asia, na upande wa pili Afrika. Kisha unganisha kwa mishale.

Tuanze na mwaka 1929. Upande wa dunia, soko la hisa la New York liliporomoka mwezi Oktoba na Mdororo Mkuu ukaanza. Upande wa Afrika, bei za katani, pamba na kahawa zilianguka, mapato ya serikali za kikoloni yakapungua, na wakulima wakahimizwa, mara nyingi wakalazimishwa, kulima zaidi ili kodi ilipwe. Chukua na mwaka 1947: India inapata uhuru, na mwaka huo huo wafanyakazi wanagoma Mombasa na Dar es Salaam, huku Uingereza ikianza kufyeka mapori ya Tanganyika kwa ajili ya karanga. Mwanafunzi aliyeichora mishale hii kwa mkono wake hahitaji kukariri "athari za Mdororo Mkuu kwa makoloni" kama orodha, maana anaziona zikitokea.

Karatasi hii haikamiliki kwa juma moja. Iongeze kila unapomaliza mada.

Hatua ya 3: Soma mada kwa swali, usisome kwa kurasa

Kabla ya kufungua kitabu, andika kwenye daftari la maswali mambo matatu au manne unayotaka mada hiyo ikujibu. Kwa Mapinduzi ya Viwanda: kwa nini yalianza Uingereza na si Ufaransa? Mtaji ulitoka wapi? Yalibadilisha vipi uhusiano wa Ulaya na Afrika? Kisha soma ukitafuta majibu, na ukimaliza, funga kitabu uandike jibu la kila swali kwa maneno yako katika aya moja.

Hapa ndipo vitabu viwili vinapohitajika. Mwaka 1944 Eric Williams, mwanahistoria aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Trinidad na Tobago, alitoa hoja kwamba faida za biashara ya utumwa zilisaidia kugharimia Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza. Wanahistoria wengine wamejibu kwamba faida hizo zilikuwa sehemu ndogo ya mtaji wote, na kwamba makaa ya mawe, mageuzi ya kilimo na soko la ndani vilikuwa na uzito zaidi. Ukisoma upande mmoja tu, utakuwa na maelezo. Ukisoma pande zote mbili, utakuwa na kitu cha kupima, na kupima ndiko mtihani unakokutafuta.

Tahadhari: notsi za kurudufu zinazopita mikono kutoka mkupuo mmoja hadi mwingine hubeba makosa yake kwa uaminifu mkubwa. Tarehe yoyote uliyoikuta humo ihakikishe kitabuni kabla ya kuiingiza kwenye daftari lako.

Hatua ya 4: Jaza daftari la ushahidi

Kwa kila mada tenga kurasa mbili. Andika matukio, majina, mahali na takwimu chache, na mbele ya kila kimoja andika kinathibitisha nini. Usiandike "1884–1885, Mkutano wa Berlin" ukaishia hapo, bali ongeza: unaonyesha kwamba mataifa ya Ulaya yalitaka kanuni za kugawana Afrika bila kupigana yenyewe kwa yenyewe. Usiandike "FRELIMO, 1962" peke yake, bali ongeza: chama hiki cha ukombozi wa Msumbiji kiliundwa Dar es Salaam, hivyo kinaonyesha mchango wa nchi zilizokwisha kupata uhuru katika ukombozi wa zile zilizobaki.

Ushahidi kumi au kumi na miwili uliochaguliwa vizuri unatosha mada moja. Zaidi ya hapo utakuwa unakusanya tu.

Hatua ya 5: Lichambue swali kabla ya kuandika neno lolote

Sehemu hii ndiyo inayopoteza alama nyingi, na ndiyo inayofundishwa kwa haraka zaidi. Swali lina mambo matatu ya kutafuta: kitenzi kinachoagiza, mipaka ya wakati na mahali, na dai lililojificha ndani yake.

Kitenzi kwanza. Swali linalotaka ueleze sababu linataka sababu pamoja na namna kila sababu ilivyozaa tokeo. Swali linalotaka ulinganishe halitaki hadithi mbili zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ukilinganisha uchumi wa walowezi Kenya na uchumi wa wakulima wadogo Uganda, chukua kigezo kimoja, kwa mfano umiliki wa ardhi, uzungumze kuhusu nchi zote mbili, ndipo uende kwenye nguvukazi. Swali linalotaka utathmini, au linalouliza "kwa kiasi gani", linataka hukumu.

Mipaka ni ya pili. Swali likihusu uchumi wa kikoloni kati ya vita kuu mbili za dunia, basi mipaka yake ni 1919 hadi 1939, na mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, ulioanza 1947, hata ukiujua kwa kina namna gani, hauna nafasi humo.

Dai lililojificha ni la tatu. Tuchukue swali hili: kwa kiasi gani Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilichangia harakati za uhuru barani Afrika? Aliyekariri ataandika mchango wa vita pekee: askari wa King's African Rifles, jeshi la Uingereza la askari wa Kiafrika, waliopigana Burma wakarudi na mtazamo mpya, Mkataba wa Atlantiki wa Agosti 1941 uliozungumzia haki ya watu kujichagulia serikali, na kudhoofika kwa Uingereza na Ufaransa. Yote ni kweli, na yote ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni yale yasiyotokana na vita: chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, miaka kumi kabla ya vita, na upinzani dhidi ya unyang'anyi wa ardhi na kazi za shuruti ulikuwa wa muda mrefu zaidi. Kisha inakuja hukumu, kwa mfano kwamba vita viliharakisha harakati na kuzipa mazingira ya kimataifa, lakini chanzo chake kilikuwa ukoloni wenyewe. Hukumu hiyo iandike kwenye utangulizi, usiifiche mpaka hitimisho.

Tumia dakika nne au tano kuandika mpango wa jibu: hukumu yako kwa sentensi moja, hoja kwa maneno machache, na ushahidi mmoja au miwili mbele ya kila hoja.

Hatua ya 6: Jenga aya yenye dai, maelezo, ushahidi na marejeo kwa swali

Tuseme swali linauliza kwa nini Uingereza ilibadili sera zake za uchumi katika makoloni ya Afrika baada ya 1945. Aya ya kawaida ya mwanafunzi huwa hivi:

"Hoja nyingine ni madeni. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na madeni mengi na uchumi wake ulikuwa umeharibika, kwa hiyo ilianzisha miradi ya kilimo Afrika kama vile mradi wa karanga Tanganyika."

Hakuna kosa la ukweli hapo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye deni hadi kwenye karanga, kwa maana msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwenye deni akalime karanga mbali na kwake badala ya kubana matumizi nyumbani. Aya hiyo hiyo ikijengwa upya:

"Upungufu wa dola uliilazimisha Uingereza kuyageukia makoloni. Mwaka 1946 ilikopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani, na kila bidhaa iliyonunuliwa kwa dola iliongeza mzigo huo. Mafuta ya kula yalikuwa bado yakitolewa kwa mgao nchini humo, hivyo kuyazalisha ndani ya himaya, kwa pauni, ilikuwa njia ya kuokoa dola. Ndiyo sababu kuanzia 1947 mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea yalifyekwa kwa ajili ya karanga. Ingawa mradi ulishindwa na kuachwa mwaka 1951, ukubwa wake unaonyesha kwamba serikali yenyewe sasa iliingia moja kwa moja katika uzalishaji makoloni ili kuunusuru uchumi wa Uingereza."

Angalia kazi ya kila sentensi. Ya kwanza inatoa dai, ya pili na ya tatu zinaeleza utaratibu, ya nne inatoa ushahidi wenye mahali na mwaka, na ya tano inarudi kwenye swali. Angalia pia kilichoachwa. Kushindwa kwa mradi kumepewa nusu sentensi tu, ingawa hadithi ya matrekta yaliyoshindwa na ardhi ngumu ya Kongwa ni tamu na walimu huipenda. Swali halikuuliza kwa nini mradi ulishindwa.

Kuhusu idadi ya hoja, desturi ya shule nyingi ni hoja sita. Sina ugomvi na desturi hiyo iwapo hoja ni sita kweli. Mara nyingi huwa nne, na mbili za mwisho ni za kwanza zilizovalishwa maneno mengine, jambo ambalo msahihishaji huligundua upesi.

Tahadhari mbili za mwanzo na mwisho wa insha. Utangulizi usiwe ukurasa mzima wa kueleza maana ya ukoloni, kwani maana fupi, kipindi kinachohusika na msimamo wako vinatosha. Na hitimisho lisiwe hotuba ya kuzitaka nchi za Afrika ziungane kupiga vita ukoloni mamboleo. Sentensi hiyo imeshafunga insha za Bismarck, za Mdororo Mkuu na za Mapinduzi ya Ufaransa bila kuhusika na yoyote. Hitimisho lipime tu: sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, na kwa nini.

Hatua ya 7: Jipime kwa saa

Katika Kidato cha Tano andika insha moja kamili kila juma, bila kitabu. Kuanzia mwanzo wa Kidato cha Sita andika mbili, na miezi mitatu ya mwisho fanya karatasi nzima walau mara moja kila baada ya majuma mawili.

Karatasi ni ya saa tatu, yaani dakika 180. Soma fomati ujue unatakiwa kujibu maswali mangapi, kisha piga hesabu mwenyewe. Yakiwa matano yenye alama sawa, toa dakika 15 za kusoma na kuchagua, toa 10 za kupitia mwishoni, na zinazobaki ni 155, yaani dakika 31 kwa kila swali pamoja na mpango wake. Dakika zikiisha, hamia swali linalofuata hata kama una la kusema. Swali ambalo halikuguswa hupata sifuri, na hoja ya saba ya swali la kwanza haiwezi kuifidia sifuri hiyo.

Hatua ya 8: Sahihisha na uandike upya

Mpe mwalimu insha, au mbadilishane na mwenzako kwa masharti haya: msomaji aweke mstari chini ya kila ushahidi, azungushie kila sentensi inayorudi kwenye swali, na aandike "vipi?" pembeni kila anapoona tokeo lisiloelezwa. Kisha andika upya aya mbili dhaifu zaidi, si insha nzima. Kwa maswali yaliyomo katika mitihani iliyopita, linganisha jibu lako na uchambuzi wa Baraza wa mwaka huo.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Nasahau tarehe.* Punguza unazozishika. Kila mada ina tarehe tatu au nne zinazobeba nyingine, na zilizobaki unaweza kuzitaja kwa muongo. "Mapema miaka ya 1950" ni salama kuliko mwaka uliobahatisha.

*Hoja ninazo, Kiingereza cha kuziandika sina.* Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tatizo hili halikwepeki. Panga hoja kwa Kiswahili ikiwa ndivyo unavyofikiri vizuri, kisha iandike kila hoja kwa sentensi fupi. Katika daftari la ushahidi tenga ukurasa wa vitenzi vya kuonyesha sababu, matokeo na upinzani wa hoja, ukivichukua kutoka vitabuni pamoja na sentensi zake. Usikariri aya nzima za mtu mwingine, maana swali likigeuka kidogo zitakupeleka pasipoulizwa.

*Shule haina mwalimu wa karatasi mojawapo.* Gawaneni mada katika kundi la watu wanne au watano, na kila mmoja afundishe mada yake akiwa na vitabu viwili mezani na maswali matatu ya mitihani iliyopita. Taasisi ya Elimu ina maktaba ya mtandaoni, na bando la siku moja linatosha kupakua mnachohitaji kwa muhula. Kundi lisizidi watano, kwani likizidi hugeuka baraza.

*Alama zimeganda kwenye D.* D ni alama 50 hadi 59, na kwa kawaida inamaanisha kwamba maarifa yapo ila hayajibu swali. Usiongeze saa za kusoma. Chukua insha zako tatu za mwisho, soma sentensi ya mwisho tu ya kila aya, na uone ni ngapi zinalitaja jambo lililoulizwa. Kisha urudie Hatua ya 5 na ya 6.

*Imebaki miezi mitatu, na mada nusu nzima sijazigusa.* Rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1. Chagua mada zinazogusana kwenye mstari wa wakati, kwa mfano Mdororo Mkuu, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uchumi wa kikoloni baada ya 1945 na harakati za uhuru, kwa sababu ushahidi wa mada moja utatumika katika nyingine. Kwa kila mada andika mipango mitano ya majibu badala ya insha tano, kisha insha moja kamili kwa saa.

*Nikiwa mtihanini akili inakauka.* Anza na swali unaloliweza zaidi, hata kama ni la mwisho kwenye karatasi, isipokuwa maelekezo yanakataza. Kwa lile lililokukwamisha, chora haraka kipande cha mstari wa wakati kwenye kurasa za nyuma za kijitabu cha majibu: miaka mitatu, Ulaya upande mmoja na Afrika upande mwingine, kisha utafute mshale. Ukimaliza, kikate kipande hicho kwa mstari mmoja ili msahihishaji asikihesabu kuwa jibu.